Saini ya Kumi na Nne

Nyumba nambari tisa
4 Machi

Mpwa wangu,

Hujambo huko uliko? Sisi tunasukuma siku. Goti la mama yako bado ndilo linalomtawala. Likitaka akae, anakaa. Likimruhusu kutembea, anakwenda hadi kwa fundi cherehani wa nambari kumi na moja na kurudi, na akirudi anaeleza habari za huko kama mtu aliyetoka ng'ambo. Anakusalimu sana. Amekuona gazetini umesimama nyuma ya wakubwa wako wa Tume ya Nishati na anasema umekonda. Nimemwambia gazetini kila mtu hukonda, hajaridhika.

Najua utauliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Simu yako naijua. Nikifika katikati ya sentensi unaanza "sawa mjomba, sawa mjomba," na nyuma yako nasikia vidole vinagonga kompyuta. Barua utaisoma mpaka mwisho kwa sababu huna wa kumwambia sawa.

Haya, lililonifanya nishike kalamu ni hili. Leo asubuhi msimamizi alitukusanya pale yadi, sisi wakaguzi saba wa mabomba, akatusomea agizo lenu. Kwamba kwa ajili ya mabadiliko ya tabianchi nchi itaacha gesi ya majumbani kidogo kidogo, na baada ya miaka kumi na tano mabomba yote yatakuwa yamefungwa. Kwa hiyo kuanzia sasa kampuni yetu haitalaza bomba jipya ardhini. Bomba likitoboka linabanwa kwa kibano cha chuma, basi. Mwenzetu mmoja aliuliza, je likioza hapo hapo kwenye kibano? Msimamizi akajibu kwamba litatiwa kibano cha pili kando ya cha kwanza. Tulicheka, naye akacheka, kisha kila mtu akatafuta pa kuangalia.

Mimi sibishani na hali ya hewa. Mvua ya mwaka jana niliiona ikiingia yadi na kutoka na mapipa yetu. Lakini bomba la mtaa wetu unalijua. Lililazwa kabla sijaajiriwa, na mimi nina miaka thelathini na moja kazini. Mwaka huu ndio ulikuwa mwaka wake wa kung'olewa. Alama za rangi nilishazichora barabarani kwa mkono wangu. Sasa nimeambiwa nizifute.

Nakuuliza wewe uliye ndani: mtaa wetu mmeupangia nini? Usinipe majibu ya ofisini.

Mjomba wako, ambaye yadi nzima bado inamwita Pua kwa sababu hunusa gesi kabla mashine haijalia.


Ofisi za Tume, ghorofa ya nne
29 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako ililala siku tisa kwenye trei ya malalamiko, kwa sababu uliitia kwenye bahasha yenye nembo ya kampuni yenu na dada wa mapokezi hakutaka kuuliza. Nilipoiona nilitamani kucheka lakini nilikuwa kwenye mkutano.

Mwambie mama sijakonda, ni gauni lile. Mwambie pia nimemtafutia dawa ya kupaka gotini, nitaituma na mtu. Mimi mzima. Nimeongezewa kazi na meza imebaki ile ile.

Sasa jibu, na si la ofisini. Mtaa wenu umo kwenye orodha ya mitaa ya majaribio. Usiniulize ulichaguliwaje. Kila nyumba itapewa jiko la umeme na hita ya maji bila kulipia, na fundi atapita kubadilisha nyaya. Vikishafungwa vyote na kufanya kazi, ndipo bomba linafungwa. Sharti ni moja. Nyumba zote kumi na nne zitie saini. Ikikosekana hata moja, mtaa hauingii, bomba linabaki na vibano vyenu.

Sharti hilo nililiandika mimi. Wenzangu walitaka theluthi mbili zitoshe. Niligoma. Nilimfikiria mama, kwamba mtu mzima asije akaamka siku moja jiko lake limezimwa kwa sababu majirani wamepiga kura. Nilibishana wiki mbili mpaka wakachoka wakaniachia, na sijawahi kuona fahari kama siku hiyo.

Kwa hiyo nakuomba kitu. Fomu zitafika kwako wiki ijayo. Zunguka nazo wewe. Mtu wa Tume akibisha hodi watamwona mgeni, ila wewe umewazibia mabomba tangu watoto wao wanatambaa. Wakikuona wewe umeshika kalamu watatia saini.

Mpwa wako.


Nyumba nambari tisa
17 Mei

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Dawa ya goti imefika. Mama yako anaipaka na kusema haifanyi kazi, lakini jana nilimkuta amepanda kigoda kutafuta sufuria. Anauliza utakuja lini. Nimemwambia hivi karibuni, maana ndivyo unavyosema wewe.

Nimezunguka na fomu zako. Fundi cherehani wa kumi na moja alitia saini kabla sijamaliza salamu, anasema pasi yake ya umeme na yeye wameelewana miaka ishirini, jiko litawashindaje. Mwalimu mstaafu wa nambari tatu alisoma kurasa zote sita, akasahihisha koma mbili kwa kalamu nyekundu, kisha akauliza umeme ukikatika atapikia nini. Akatia saini hata hivyo, akasema kwa heshima yangu. Walisema hivyo watu wengi, kwa heshima yangu, na sikupenda kulisikia.

Kumi na tatu wametia. Mmoja hajatia. Usiniulize ni nani, ni mtu mzima, ana sababu zake, na kumjadili kwenye barua si adabu. Anasema mtaa wa kwanza ukifungwa wa pili utafuata, na yadi itageuka uwanja wa kukaushia nguo. Huwezi kusema ana wazimu. Mwezi huu wakaguzi watatu wamepewa barua za kuagana, tumebaki wanne. Mashine za kupimia gesi zilikuwa tano, sasa mbili, na moja imekwenda kutengenezwa tangu Aprili. Mitaa ni ile ile.

Ila usihofu kuhusu sisi hapa. Kila asubuhi kabla ya kazi napita mtaa wetu kuanzia nambari moja hadi kumi na nne, kwa mguu, kwa muda wangu mwenyewe, nanusa. Pale mbele ya kumi na moja kuna mvujo mdogo wa siku zote. Naujua kama ninavyoijua kona ya nyumba yangu.

Mjomba wako.


Ofisi za Tume
20 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo, na shikamoo kwa mama. Mwambie nitakuja mwezi ujao. Najua nilisema hivyo pia mwezi uliopita. Huku tunakimbizana na tarehe, kila mkubwa anataka taarifa yake, na jioni nikifika nyumbani nakaa kitandani na viatu miguuni kwa muda mrefu bila sababu.

Huyo mmoja ananinyima raha. Fomu zinakuja kwetu zimefungwa kwenye bahasha za lakiri na hazifunguliwi mpaka Septemba, kwa hiyo siwezi kuchungulia. Niambie ni nani nije niongee naye. Nitakuja kama mtoto wa mtaa, si kama afisa. Au wewe mwambie kwamba gesi inayovuja bila kuwaka inaipasha dunia joto kuliko hata ile inayoungua jikoni, na kwamba saini yake moja imewashikilia watu kumi na tatu juu ya bomba bovu.

Jambo la pili nimeliandika na kulifuta mara kadhaa. Wiki hii nilipitia daftari za ukaguzi za kampuni yenu. Mvujo wa mbele ya kumi na moja umeandikwa mara nane tangu mwaka juzi. Kila mara "mdogo, uangaliwe". Kila mara mwandiko wako. Ulinifundisha mwenyewe nikiwa darasa la tano, tukitembea kwenda shule na wewe una begi lako la kazi, kwamba hakuna mvujo unaobaki ulivyo. Unakua au unazibwa. Huu wako umekaa miaka miwili bila kukua unene wa nywele.

Ningeweza kuomba mkaguzi mwingine apite. Kuomba kwenyewe kungebidi niandike kwamba simwamini aliyepita. Sijaandika. Nangoja neno lako.

Mpwa wako.


Nyumba nambari tisa
9 Agosti

Mpwa wangu,

Salamu. Tuko salama.

Barua yako niliisoma, nikaikunja, nikaiweka chini ya redio, nikaitoa nikaisoma tena. Ndiyo maana nimechelewa. Nimetembea mitaa hii wewe hujazaliwa. Leo mtoto niliyekuwa namvusha barabara ananikagulia mwandiko. Kama ni wa kuniandikia mashtaka, andika, kalamu ziko nyingi huko ghorofani.

Basi, hasira zimekwisha, nisije nikaichana nikaanza upya.

Habari za hapa. Halmashauri wamemwaga zege pembezoni mwa barabara yetu yote, mtaa unang'aa, fundi cherehani anafagia mara mbili kwa siku kwa furaha. Mama yako uzee umeanza kumwingia kwa mlango wa ajabu. Ananusa gesi kila mahali. Wiki iliyopita ilikuwa kwenye kabati la vikombe, juzi kwenye taulo. Alinisimamisha jikoni, nikavuta pumzi mbele yake mpaka vifungo vya shati vikakaza. Hakuna kitu. Nikamwambia, dada, gesi yenyewe labda ni ya tumbo. Alinuna siku mbili, na siku ya tatu alifungua madirisha yote.

Huyo mmoja bado hajatia saini. Mwache.

Mjomba wako.


Ofisi za Tume
2 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Barua hii naituma na basi la leo kwa sababu nimekupigia simu mara sita na hupokei.

Jana tulifungua bahasha. Fomu ya nambari tisa haimo. Nilidhani zimechanganyika, nikazihesabu mbele ya wenzangu wawili kama mtoto anayejifunza namba. Nambari tisa ni nyumba yetu. Mwenye nyumba ni wewe. Ulizunguka na kalamu mtaa mzima ukakusanya saini za watu, na yako ukaiacha, kisha ukaniandikia habari za mtu mzima mwenye sababu zake.

Hilo tutaongea. Lililonifanya niandike kwa haraka ni lingine. Mama amenipigia kwa simu ya fundi cherehani. Alikuwa ananong'ona. Anasema jikoni kuna gesi, ana uhakika, na wewe unamfanya mjinga. Nikapiga namba ya dharura ya kampuni yenu. Wakaniambia mkaguzi wa mtaa huo alipita Jumanne na hakuna kitu.

Mkaguzi huyo ni wewe. Mjomba, nakuomba kwa jina la marehemu bibi, chukua ile mashine uiingize jikoni kwa mama. Nimemwambia ahamie kwa mwalimu wa nambari tatu kwanza. Usimrudishe mpaka umepima.


Nyumba nambari tisa
21 Septemba

Mpwa wangu,

Mama yako ni mzima. Nimeanza na hilo ili usome mengine kwa utulivu. Watu wa nyumba zote kumi na nne ni wazima.

Dereva wa basi alinipa barua yako pale getini yadi. Niliisoma nimesimama. Nikaingia ndani nikaichukua mashine bila kusaini daftari, nikarudi nyumbani kwa miguu, na njiani nilikuwa bado nakutukana moyoni. Nikaingia jikoni. Mashine ililia kabla sijaiweka chini. Nilipoisogeza ukutani, pale bomba linapopitia kutoka nje, mshale ukaenda mwisho ukabaki huko. Nimefanya kazi hii miaka yote na sijawahi kuuona mshale ukikaa pale ndani ya nyumba ya mtu, na hii ni nyumba yangu. Birika lilikuwa juu ya jiko. Kibiriti kilikuwa pembeni yake.

Ni lile zege. Mkaguzi wa siku ya kwanza kazini anajua kwamba ukiiziba ardhi, gesi hutafuta mlango mwingine, na kwamba baada ya zege lazima upime upya nyumba kwa nyumba. Nilijua. Nilipita nikanusa, nikaandika hakuna kitu.

Sasa nakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Mimi sinusi. Ile homa ya mwaka juzi iliondoka na harufu zote, nikadhani zitarudi, hazikurudi. Sabuni, nguo chafu, chakula kikiungua, vyote kwangu ni hewa tu. Kila mwaka tunapimwa pua pale yadi. Gesi yenyewe haina harufu, hutiwa dawa ili inuke, na wanatuwekea vichupa vitatu tuchague chenye dawa. Chenye dawa kizibo chake kimechakaa kwa kufunguliwa. Nilichagua kizibo. Nimefaulu mara mbili, na wakanipigia makofi.

Ningesema, wangenipa barua ya kuagana siku hiyo hiyo. Ningetia saini fomu yako, wangechimba mtaa na kuona nilichokuwa naandika. Kwa hiyo sikusema na sikutia. Nilijidanganya kwamba miguu yangu ikipita pale kila siku inatosha. Mimi ni mwoga, mpwa wangu. Sikulijua hilo mpaka mshale ulipokwenda mwisho.

Niliita dharura. Walifunga bomba saa nane mchana, mtaa mzima. Limeoza, kibano hakishiki tena, na kulaza jipya hawaruhusiwi, agizo ni lenu. Na yule kijana wenu wa Tume aliyekuja na kishikwambi chake amesema majiko ya umeme hayaji, kwa sababu yanatolewa kwa mtaa ulioridhia wote kabla ya bomba kufungwa, na sisi tulikuwa kumi na tatu. Majirani hawaelewi. Wao walitia saini. Wanaulizana ni nani huyo, na wananiuliza mimi. Kila ua sasa una jiko la mkaa. Kama shabaha ilikuwa kupunguza moshi, njoo usimame kona ya mtaa wetu saa kumi na mbili asubuhi.

Mama yako amerudi ndani, jikoni pamepimwa pako safi. Hanisemeshi. Anadhani nilisikia harufu ile nikamdharau. Afadhali adhani hivyo.

Ndani ya bahasha hii kuna fomu yangu. Nimetia saini. Pa tarehe nimepaacha. Wewe ndiye unayekaa na bahasha. Iandike tarehe ya Mei uichomeke kati ya zile nyingine, na nyumba kumi na tatu zitapata haki yao. Sikuombi kwa ajili yangu.

Mjomba wako.


Ofisi za Tume, chumba cha masjala
3 Novemba

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini mama anapata usingizi. Nimempigia kila Jumapili kwa simu ya fundi, anaongea habari za goti tu. Nikikutaja wewe anasema mtandao mbaya.

Fomu yako nilikaa nayo wiki nne kwenye droo. Nilikuwa naitoa kila siku watu wakienda kula. Siku moja nilishika kalamu nikaiweka pale pa tarehe, na wote wangeamini ilikuwa imejificha kati ya karatasi, hakuna ambaye angejua ukweli, Mjomba, hata mmoja. Wino wenyewe ni ule ule. Moyoni nilimwona fundi cherehani akipuliza mkaa na mapafu yake mabovu. Nikairudisha droo.

Nimeipeleka kwa wakubwa ilivyo, na tarehe ya kweli, na barua yangu juu yake. Nimeandika kwamba mwezi Juni niliona mvujo usiokua kwenye daftari na nikanyamaza, kwa sababu mkaguzi alikuwa mjomba wangu aliyenilea. Nimeandika pia kwamba mtaa ule niliuchagua mimi, kwa kuwa bomba lake lilikuwa bovu kuliko yote na mama yangu analala juu yake, na kwamba sharti la saini zote lilikuwa langu, nililiandika kwa huruma, na ndilo lililowafunga watu pale. Nikawaomba wautazame mtaa kwa jicho la kipekee.

Walikutana saa nzima. Wamesema wakiulegezea mtaa mmoja itabidi wailegezee yote. Mtaa haustahili. Mimi nimeondolewa kwenye mradi, niko masjala, napanga mafaili kwa namba. Hata hawakunigombeza. Mmoja alinipa pole mlangoni.

Labda nimekosea. Labda mtu mwema angeandika tarehe ya Mei na kulala usingizi. Mimi nililia siku ile kwa sababu nilikuwa na uwezo wa kuwapa watu majiko kwa namba mbili tu za kalamu na mkono ukakataa. Mtaa ule ulikuwa umefikishwa pale na uongo wako na ukimya wangu, na nikashindwa kuongeza la tatu hata lenye faida.

Nina ombi moja, na ukilikataa sitakuandikia tena kwa muda. Waambie. Mlango kwa mlango, kama ulivyozunguka na fomu. Na umwambie mama. Asikae na imani kwamba ulinusa gesi ukamdharau.

Mpwa wako.


Nyumba nambari tisa
26 Novemba

Mpwa wangu,

Hujambo. Sina cha kukugombeza. Ningekuwa wewe ningeandika tarehe ya Mei, lakini mimi ndiye niliyechagua vizibo, kwa hiyo si wa kuulizwa.

Yadi nimeshatoka. Nilimweleza msimamizi habari ya vichupa. Akaniuliza kama kuna mwingine. Nikasema sijui. Aliniomba nirudishe koti la kazi likiwa limefuliwa.

Jumamosi nilizunguka. Nilianza nambari moja. Nilisema maneno yale yale kila mlango, kwamba ambaye hakutia saini ni mimi, na kwamba sinusi harufu yoyote mwaka wa tatu huu. Mwalimu mstaafu alinishukuru kwa taarifa, akafunga mlango taratibu. Wa nambari sita aliniuliza mtoto wake alikuwa analala chumba cha mbele kinachotazama barabara, je, nilijua? Nilijua. Akasimama pale akinitazama mpaka nikaondoka mwenyewe. Fundi cherehani hakunyanyua kichwa. Aliendelea kukanyaga cherehani, nami nikamaliza kusema kwa mgongo wake. Hakuna aliyenitukana, na nilikuwa nimejiandaa kutukanwa.

Nyumba yangu niliiacha mwisho. Mama yako alikuwa uani ameinama anapepea jiko, moshi wote unamwendea usoni. Nilisimama upande wa pili wa jiko nikamwambia. Nikamwambia kwamba siku ile jikoni sikumfanyia mzaha, nilivuta pumzi kweli na sikupata kitu, na kwamba imekuwa hivyo tangu homa, kwa kila kitu, hata kwa chakula chake ninachokisifia.

Aliacha kupepea. Nilidhani atanirushia ule upepeo, na ningefurahi. Akaniangalia kwa muda, mpwa wangu, kama alivyokuwa akiniangalia tukiwa wadogo nikirudi nyumbani nimechanika goti.

"Mdogo wangu," akasema, "si ungeniambia tu. Ningekunusia mimi."

Nikachukua upepeo mkononi mwake nikapepea mpaka maji yakachemka.

Mjomba wako.